Kilele Juu ya Mabati

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kama siku zote, mwanamke waliyemwita Mama Ubao alifungua chumba kidogo kando ya lango la mlima, akalowesha kitambaa kwenye ndoo, akafuta maneno ya jana. Kazi yake ilikuwa kuandika hali ya mlima ili wapandaji waisome kabla ya kuondoka. Ubao ulikuwa na maneno manne ya rangi nyeupe isiyofutika: Theluji. Upepo. Njia. Vijito. Mbele ya kila neno alijaza kwa chaki yale aliyosomewa kwenye redio ya upepo na mlinzi wa kibanda cha tatu, kile cha mwisho kabla ya kilele. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ameandika kina cha theluji ile kwa sentimita, na hakuwahi kuikanyaga.

Jumanne hiyo redio ilikoroma, kisha mlinzi akasema, "Mama, habari za huko?"

"Njema. Theluji?"

"Hakuna."

"Imepungua?"

"Haikupungua. Haipo. Jana jioni nilipima sentimita mia moja na arobaini, leo ni mwamba mtupu, na ncha ya mwamba nayo siioni. Nimezunguka mara mbili, nisije nikaambiwa mzembe."

"Na upepo?"

"Upepo upo. Wa wastani."

Aliandika upepo kwanza, kwa kuwa huo ulikuwa na uhakika. Alikuwa bado ameshika chaki pale mdogo wa mumewe, fundi wa mapaa, alipofika akihema, nyundo mkononi.

"Shemeji, theluji iko kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Juu ya bati. Yote. Na kilele chenyewe nadhani kimekuja nayo, maana kuna ncha ya jiwe inachungulia pale penye bomba la moshi."

"Kina chake?"

Fundi alipima hewani kwa mkono, akaupandisha mpaka kidevuni. "Sijapanda. Lakini kwa macho, mita moja na nusu kasoro kidogo."

"Mia moja na arobaini," alisema Mama Ubao. Akaandika: Theluji, sentimita 140, kwa Jiko, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga. Kwenye mstari wa Njia akaongeza: Ngazi.

Wageni saba waliokuwa wakisubiri langoni walisoma ubao, wakakaza kamba za viatu, wakageuka kurudi mjini.

Jiko alikuwa mumewe. Jina hilo alipewa na wapagazi wenzake, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja alipanda mlima akiwa na jiko la wageni mgongoni, sufuria kichwani na birika likining'inia kiunoni, mpaka magoti yakagoma. Alikuwa amepanda mara mia sita na kumi na mbili. Kileleni hakuwa amefika hata mara moja. Kanuni ya kumi na nne ya ofisi ya mlima ilisema kwamba mpagazi anaishia kibanda cha tatu. Kutoka hapo kwenda juu ni wageni na waongozaji wao. Kwa hiyo mara mia sita na kumi na mbili Jiko alibaki kibandani akichemsha chai, na kila mara wageni walishuka na pua nyekundu wakamwambia, "Laiti ungeona!" Alikuwa anakijua kilele kama mtu anavyomjua mkwe wa jirani: kwa kusimuliwa.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa kazini alimwomba mwongozaji mkuu amruhusu apande mara moja tu, bila mzigo, ashuke mbio. Mwongozaji hakumfokea. Alicheka kwa upole, akamuuliza, "Na chai atapika nani?" Wote wakacheka, na Jiko akacheka nao, kwa kuwa swali lilikuwa na maana. Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe kama kichekesho. Mkewe hakucheka, na hawakulizungumza tena.

Mchana huo nyumba yao ilikuwa baridi, lakini imesimama. Fundi alikuwa ameweka nguzo nane chini ya kenchi na kuzigonga moja moja kwa kisigino cha nyundo. "Bati hili ni jembamba, halikutengenezwa kubeba mlima," alimweleza kaka yake. "Lakini naona mlima wenyewe umejikaza." Kisha akaegemeza ngazi yake ya vipandio kumi na viwili, akajaribu kwenda juu kukagua misumari. Kwenye kipandio cha tano kichwa kilianza kumuuma, akashuka taratibu, akakaa chini.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kilele hakikuacha urefu wake kule kilikotoka. Ukitazama kutoka uani, paa lilikuwa mita nne. Ukipanda, lilikuwa mlima. Kati ya kipandio cha tatu na cha nne kulikuwa na ukungu. Kwenye cha saba mvua ya mawe ilinyesha, si kubwa. Kwenye cha tisa hewa ilikuwa nyepesi kama ile ya kibanda cha tatu, na mtu mwenye afya aliyeanza baada ya kifungua kinywa alifika cha kumi na mbili jua likiwa limeshapita utosini.

Binti yao, muuguzi katika zahanati ya ng'ambo ya barabara, alikuja na kipimo cha presha, akaweka benchi karibu na ngazi na kuwapa wageni masharti. "Mnapumzika cha sita. Mnakunywa maji hata kama hamna kiu. Anayesikia kichefuchefu anashuka, na asione aibu kwa kuwa ni ngazi."

Wageni saba walipanda, wanne wakafika. Alasiri walishuka na pua nyekundu, wakamwambia Jiko, "Laiti ungeona!" Jiko akawapa chai. Hakuna aliyemwomba. Mikono yake ilikuwa imewasha moto yenyewe na kupanga vikombe saba juu ya ukuta mfupi wa uani.

Mama Ubao alipotoka langoni alimkuta akiosha vikombe hivyo, magoti yamezungushiwa flana kuukuu.

"Umewapikia chai," alisema.

"Wamepanda, wamechoka."

"Hapa ni kwako, bwana wangu. Kile kilele kiko juu ya kitanda chako."

Jiko alikausha kikombe ndani na nje. "Juu ya kitanda hasa?"

"Upande wako."

Alitazama juu kwa muda. Theluji ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya waridi kwa jua la jioni, na maji membamba yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye mfereji wa bati.

"Magoti," alisema.

"Vipandio kumi na viwili. Nitakusukuma kwa nyuma."

"Na wewe utapanda?"

"Nimeiandika theluji hiyo miaka ishirini na mbili. Nataka nione kama nilikuwa naandika kweli."

Asubuhi ya Jumatano ubao wa langoni ulisomeka: Kilele kimefungwa mpaka alasiri. Shughuli ya familia. Saa moja na nusu Mama Ubao alikuwa chini ya ngazi, amevaa suruali mbili za mumewe ndani ya gauni lake. Majirani walikuwa wameleta viti. Jiko alipanda kipandio cha kwanza, akayumba, akarudi.

"Mgongo mtupu unanipeperusha," alisema. "Sijawahi kupanda hivi."

Mkewe aliingia ndani, akatoka na mto wa kulalia, akamfunga nao mgongoni kwa kamba ya kuanikia nguo. Jiko alijitikisa kidogo kulia na kushoto, kama mtu anayepima mzigo. "Hapo sawa," alisema, akapanda.

Walikwenda polepole, yeye mbele, mkewe nyuma amemwekea bega chini ya makalio. Fundi alishika ngazi. Binti yao alitaja saa. Kwenye ukungu hawakuonekana, lakini walisikika wakibishana kama dirisha la jikoni limefungwa. Saa nne walipumzika kwenye kipandio cha sita, wakanywa maji. Mvua ya mawe ya kipandio cha saba iliwapiga mgongoni, na Jiko akashukuru kwa ule mto.

Saa tano na robo pikipiki ilisimama nje, akaingia ofisa wa ofisi ya mlima, mtu mrefu mwenye kitabu kwapani. Watu walimwita Bwana Kanuni, na yeye alijua. Alisalimia wote, mmoja mmoja. Alitazama paa, akatoa futi ya chuma, akapima ukuta, akahesabu vipandio, akafanya hesabu yake pembeni ya ukurasa.

"Kipandio cha tisa ndicho kibanda cha tatu," alisema. "Nani yuko juu?"

"Baba na mama," alijibu binti.

"Baba si mpagazi?"

"Amestaafu."

"Kanuni haisemi kuhusu kustaafu." Akaweka viganja mdomoni, akaita, "Mzee! Kipandio cha tisa ndio mwisho wako!"

Juu, nyuma ya ukungu, sauti ya Jiko iliuliza, "Nani huyo?"

"Ofisi!"

Jiko alikuwa na miguu yote miwili juu ya kipandio cha tisa. Alisimama. Hakufanya hivyo kwa kutii. Ni kwamba kwa miaka thelathini na moja miguu yake ilikuwa imezoea kusimama pale pale, kwenye hewa ile ile, na sasa ilisimama. Aligeuza hata shingo kutafuta mahali pa kuweka jiko. Mkewe, paji la uso likiwa limegusana na kisigino chake, alisubiri.

"Tumefika," alisema Jiko. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Hapa ndipo pangu."

Mama Ubao alijua kwamba akimwonea huruma, atashuka. Alivuta pumzi, ambayo ilikuwa haba.

"Basi nipishe," alisema. "Mimi si mpagazi."

"Huwezi kunipita. Ngazi nyembamba."

"Ndiyo nasema nipishe. Sogea juu."

Jiko alilifikiria jambo hilo. Halikuwa na kosa. Aliinua goti la kulia, likalia kama bawaba kavu, akaweka mguu kwenye kipandio cha kumi.

"Mzee!" aliita Bwana Kanuni.

"Nampisha mke wangu!" alijibu Jiko, na upepo ukaichukua sauti yake ukaipeleka mbali sana.

Bwana Kanuni alipekua kitabu kutafuta kanuni ya kupishana. Hakuipata. Akamkabidhi fundi kofia yake, akaanza kupanda mwenyewe ili kuwazuia. Alikuwa na miaka kumi na minne katika ofisi ya mlima. Kwenye kipandio cha nne uso ulimbadilika rangi, na binti wa Jiko ndiye aliyemteremsha akimshika mkanda, akamlaza kwenye benchi, akampandishia miguu.

"Umewahi kupanda kabla ya leo?" alimuuliza, akimfunga kipimo mkononi.

"Kazi yangu ni ya mezani," alisema Bwana Kanuni, akiwa amefumba macho.

Saa saba kasoro dakika kumi Jiko na mkewe walitoka kwenye kipandio cha kumi na mbili, wakatembea kwa magoti na viganja juu ya theluji mpaka kwenye ncha ya jiwe karibu na bomba la moshi. Wakakaa. Walikuwa kileleni. Mawingu yalikuwa chini yao kama shuka zilizotandikwa vibaya. Waliona milima miwili ambayo hawakujua kwamba ipo, ziwa, na nyuma ya ziwa miji ya watu wasiowafahamu. Waliona pia ua wao, na soksi za Jiko kwenye kamba.

Mama Ubao alivuta mikono ya sweta, akazamisha mkono mzima ndani ya theluji, akautoa, akaramba vidole. "Kweli kabisa," alisema. "Neno kwa neno." Akaanza kucheka, na kwa kuwa hewa ilikuwa haba, alicheka kwa mafungu.

Jiko hakucheka. Alikuwa ameinamisha sikio.

"Wameniongopea," alisema.

"Akina nani?"

"Wote. Miaka yote hiyo wananiambia huku juu kimya, kimya mpaka unasikia moyo wako. Sikiliza."

Mama Ubao alisikiliza. Chini ya theluji, karibu sana, kulikuwa na sauti za maji. Zilikuwa nyingi, nyembamba, kila moja na mwendo wake.

"Yule anayekatakata ni Kigugumizi," alisema Jiko. "Wapagazi ndio tuliowapa majina, tulikuwa tunawachota pale kibandani. Huyu wa polepole ni Bibi Harusi. Na huyu, huyu hapa chini yangu, anayejifanya mzito, ni Mjomba." Aliweka kiganja juu ya theluji. "Nimewachota miaka thelathini na moja, wakiwa watu wazima. Sikujua kwamba wanazaliwa wadogo hivi."

Alilia kidogo. Machozi yaliganda shavuni, na mkewe akambandulia kwa kucha, moja baada ya jingine, bila haraka.

Walikaa mpaka baridi ilipoanza kuuma. Kushuka kwa ngazi kungechukua saa tatu, na magoti yalishasema yaliyokuwa nayo. Kwa hiyo Jiko alifungua mto, akaukalia mbele, mkewe akakaa nyuma amemkumbatia kiuno, wakajiachia kwa upande wa pili wa paa. Majirani walisikia mlio mrefu, hawakuweza kusema ni wa nani kati ya wawili hao. Wazee wale waliruka ukingo wa bati, wakavuka juu ya karo la kufulia na kutua kwenye rundo la maranda la fundi. Walipotolewa walikuwa wamejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, na Mama Ubao alikuwa ameshika kiatu kimoja ambacho hakikuwa chake wala cha mumewe. Mgeni mmoja alikuwa amekipoteza kileleni miaka mingi iliyopita.

"Tena," alisema Jiko.

"Kesho," alisema binti yao, akamfunga kipimo cha presha. Ilikuwa nzuri kuliko ya Bwana Kanuni.

Bwana Kanuni alipopata nafuu alikaa nao barazani, akaeleza mambo kwa heshima. Hakuweza kumwandika Jiko miongoni mwa waliofika kileleni, kwa sababu mpagazi hafiki kileleni. Alikuwa amemwandika kwenye orodha ya walioishia kibanda cha tatu, ambamo sasa alikuwa na safari mia sita na kumi na tatu. "Umeongeza moja, hongera," alisema, na alimaanisha. Kwa Mama Ubao kulikuwa na tatizo, maana kitabu hakikuwa na safu ya waandika ubao. Alikuwa amemweka chini ya Vifaa.

"Kifaa gani?" aliuliza Mama Ubao.

"Haikuulizwa," alisema Bwana Kanuni.

Alhamisi ofisi ilituma kibao, kikafungwa kwa waya kwenye kipandio cha tisa: WAPAGAZI MWISHO HAPA. Wageni waliendelea kuja. Wapagazi waliwabebea mizigo kutoka langoni mpaka uani, kisha mpaka kipandio cha tisa, wakajibana hapo kwenye baridi wakisubiri. Chini, maisha yalijipanga. Theluji iliyeyuka mchana na kujijaza alfajiri. Fundi alichimba mtaro kutoka chini ya mfereji wa bati hadi kwenye bonde la zamani la mto, na vijito vikaupokea bila ubishi, isipokuwa Bibi Harusi, aliyependa kupitia jikoni. Watu wa mashine ya kusaga walikuja na ndoo. Maji yalikuwa baridi kiasi kwamba waliokuwa na meno mabovu waliyajua yote kwa idadi.

Jumapili ilikuwa siku isiyo na wageni. Saa moja asubuhi wapagazi arobaini na mmoja walifika uani kwa Jiko. Walikuwa wamenyoa, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, na ingawa hawakubeba kitu walisimama wameinama mbele kidogo, kwa mazoea. Wake zao walikuja nao, na mama mmoja mzee aliyesema kwamba anataka tu kuona mwanawe akienda mahali bila kutumwa.

Bwana Kanuni alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na ngazi, kitabu magotini, kalamu mbili. Hakumzuia mtu. Alisema ofisi inajua wote ni waelewa na kibao kinasomeka vizuri. Kila aliyepita alimwandika jina.

Jiko alitangulia. Alipofika kipandio cha tisa alikisoma kibao kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Kisha aliyekuwa nyuma yake akasema, "Mzee, nipishe," na Jiko akampisha. Aliyefuata akaombwa kumpisha aliyemfuata, naye akapisha. Walipishana hivyo mpaka saa sita, kwa adabu kubwa, ngazi nzima ikisema samahani na asante, hadi akabaki mpagazi mmoja, mwembamba, wa mwisho kabisa. Huyo alisimama chini ya kibao. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Jamani," aliita, "mimi nimpishe nani?"

Bwana Kanuni alifunua ukurasa, akafunua mwingine, na wote waliona kwamba anatafuta kweli. Mama Ubao akavua kandambili, akavaa suruali mbili na viatu.

"Kitabu kinasema mimi ni kifaa," alimwambia. "Vifaa vinafika mpaka juu, au vipi?"

"Vinafika," alisema Bwana Kanuni.

"Basi nakuja, mwanangu," aliita Mama Ubao. "Jiandae kunipisha."

Ilikuwa alasiri ndipo waliokuwa chini walipoanza kusikia. Kwanza ilikuwa sauti moja, kisha kumi, kisha wote, wimbo wa kubebea mizigo ambao siku zote huimbwa polepole kwa sababu ya uzito, na sasa uliimbwa haraka. Paa lilinesa, nguzo nane zikanesa nalo. Wake zao walisimama juu ya viti, wakapiga vigelegele, wakaita majina, na kila jina lilijibiwa kutoka mbali sana. Halafu wapagazi wakagundua kwamba theluji inafinyangika. Bonge la kwanza lilimpiga fundi begani. La pili likatua kwenye ndoo. Yule mama mzee aliokota la tatu, akalipima mkononi, akalirusha juu kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

Binti wa Jiko alikaa kwenye benchi karibu na Bwana Kanuni, akicheka, nywele zimejaa weupe.

"Wangapi wamefika?" alimuuliza.

Bwana Kanuni alitazama kitabu, akapitisha kalamu kwenye majina arobaini na mawili, moja moja, ili asikosee.

"Hakuna," alisema, akaliandika neno hilo chini ya majina.

Bonge likaanguka katikati ya ukurasa, wino ukasambaa. Alikung'uta theluji kwa uangalifu, akapuliza, akakausha karatasi kwa pindo la shati. Kwa kuwa neno lilikuwa limefutika, aliliandika upya, kwa mwandiko mzuri.